Kura ya Walio Wachache



Kila baada ya uchaguzi, hata katika jumuiya zetu ndogondogo, husikika neno hili: fulani ameshinda kwa kura za "wale", kwa hiyo ushindi wake si halali. Tumeona vema kuwasimulia jinsi neno kama hilo lilivyomwua Rais katika nchi ya Kikatoliki, na jinsi watu wa Kanisa walivyohusika.

Polandi ilirudi kuwa dola huru mwaka 1918, baada ya kugawanywa na majirani zake kwa zaidi ya miaka mia moja. Karibu theluthi moja ya raia wake hawakuwa Wapolandi, bali Waukraini, Wayahudi, Wabelarusi na Wajerumani. Mwezi Juni 1919 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuzilinda haki zao. Hata hivyo, sheria ya uchaguzi ya mwaka 1922 iliwabana. Kati ya viti 444 vya Bunge, viti 72 viligawiwa kwa orodha ya taifa zima, na chama kidogo chenye wafuasi katika majimbo machache tu hakikuambulia kitu.

Ndipo Yitzhak Gruenbaum, kiongozi wa Wayahudi, na Erwin Hasbach, kiongozi wa Wajerumani, walipoongoza kuundwa kwa Muungano wa Walio Wachache. Haukuwa umoja wa mapenzi. Wajerumani walisikitikia mipaka mipya, Wayahudi walitafuta usawa wa kiraia na shule zao, Waukraini walitaka kujitawala. Waukraini wa Galicia ya Mashariki waliususia uchaguzi wenyewe, na Wazayuni wa Galicia wakakaa kando. Hatusemi kwamba Muungano ule ulikuwa na nia safi tupu. Ni chama gani kilicho nayo? Tunasema ulitii sheria, ukaomba kura, na Novemba 1922 ukapata viti 66.

Tarehe 9 Desemba 1922 Bunge na Seneti walikutana kumchagua Rais. Katika duru ya tano Gabriel Narutowicz alipata kura 289, na Maurycy Zamoyski, mwenye mashamba makubwa, akapata 227. Narutowicz alikuwa Mpolandi, mhandisi wa mitambo ya umeme wa maji, aliyekuwa amefundisha Zurich, Uswisi. Alichaguliwa na vyama vya mrengo wa kushoto, chama cha wakulima cha Piast na wabunge wa walio wachache. Pasipo hao wa mwisho asingeshinda, na hilo ndilo lililofanywa kosa lake. Magazeti ya mrengo wa kulia yalimwita rais wa Wayahudi. Tarehe 11 Desemba, alipokuwa akienda kuapishwa, umati ulimrushia mabonge ya theluji, na wabunge kadhaa wakapigwa njiani. Siku tano baadaye, katika maonyesho ya sanaa mjini Warsaw, mchoraji Eligiusz Niewiadomski alimpiga risasi akafa.

Hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Kati ya wabunge waliompinga Narutowicz walikuwamo mapadre, na Padre Kazimierz Lutosławski alikuwa mmoja wa wakali kabisa. Niewiadomski aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 31 Januari 1923, na Misa zikaombwa kwa ajili yake. Kumwombea marehemu ni wajibu, hata akiwa mwuaji. Lakini wengi waliokwenda katika Misa zile walikwenda kumtukuza, na aliyeuawa hakupata machozi yao. Miaka 40 baadaye, katika Waraka wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, Papa Yohane XXIII alifundisha kwamba kuwakandamiza walio wachache ni dhuluma kubwa. Akawaonya nao wasiyatukuze mambo yao kupita kiasi. Mafundisho hayo tunayasoma vizuri katika semina. Tatizo ni siku ya kuhesabu kura.

Tarehe 20 Desemba 1922 wajumbe walimchagua Stanisław Wojciechowski kushika nafasi ya marehemu, tena kwa msaada wa kura zile zile za walio wachache. Wengine wakadhani somo limeeleweka. Lakini Mei 1923 vyama vya mrengo wa kulia vilipatana na Piast, chama kilichokuwa kimempigia Narutowicz kura miezi mitano kabla, kuunda serikali itakayotegemea wabunge wa Kipolandi peke yao. Watu wa Muungano waliendelea kukaa Bungeni, kulipa kodi na kupeleka vijana wao jeshini. Ila hesabu ya nani atawale ilifanyika kana kwamba viti vyao vilikuwa vitupu.