Kompyuta Ikigoma Kufunguka, Mali Yako Bado Imo



Mwezi huu tuzungumze juu ya chombo kilichoingia nyumbani mwetu bila wengi wetu kufundishwa namna ya kukitunza. Chombo hicho ni kompyuta. Si ajabu kwamba akina mama wengi wanaiogopa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango ulikuja kufunguliwa wazi katika miaka ya 1990. Wengi waliosoma miaka ile walimaliza shule bila kuiona hata kwa mbali. Leo imo sebuleni, na ndani yake mna picha za harusi, barua za shule, na hesabu za vikundi vyetu.

Tuchukue mfano wa mama wa Nyamuswa, kule Ikizu, wilayani Bunda. Yeye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa za wanachama, mikopo, marejesho na fedha za mfuko wa jamii, yote ameyaandika katika kompyuta mpakato ya nyumbani. Kijana wake anarudi likizo, anaona diski imegawanywa sehemu mbili, C na D, naye anaamua kuzipanga upya kwa programu aliyopewa na rafiki. Kesho yake mama anawasha kompyuta. Nembo ya Windows inatokea. Anaandika neno lake la siri, anakaribishwa, kisha mara moja anarudishwa palepale pa kuandika neno la siri. Anajaribu mara tatu, mara nne, hali ni ileile. Na mkutano wa kugawana fedha za kikundi ni Jumamosi.

Mama huyu amepoteza nini? Hajapoteza kitu bado. Hilo ndilo neno la kushika katika ukurasa huu.

HERUFI HIZI NI NINI?

Kompyuta hutambua kila sehemu ya diski kwa herufi. Kompyuta ndogo za kwanza zilitumia diski laini za kuchomeka na kuchomoa, nazo zilipewa A na B. Diski ngumu ya ndani ilipokuja, ikachukua C. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuwa na diski ya ndani ya megabaiti 10 tu, kiasi ambacho leo hujazwa na picha chache za simu. Diski laini zimekwisha kutoweka, lakini hadi leo Windows hukaa katika C.

Fikiria makopo jikoni mwako. Moja umeliandika chumvi, jingine sukari. Mtu akibadilisha maandishi, sukari haimwagiki, ila mpishi anayechota kwa kufuata maandishi ataharibu chai. Windows ndiyo mpishi huyo. Imezoea kwamba vitu vyake vyote vimo C. Herufi ikibadilika kuwa D, inapofika mahali pa kukufungulia meza yako ya kazi haioni programu inayohitaji, nayo inakurudisha mlangoni.

Windows yenyewe haikuruhusu kubadilisha herufi ya sehemu inayokaa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo jambo hili mara nyingi hutokana na programu za pembeni, au fundi aliyenakili diski ya zamani kwenye diski mpya na kuziacha zote mbili ndani. Ikiwa herufi iliyobadilishwa ni ya sehemu ya kutunzia vitu tu, kompyuta itafunguka, ila baadhi ya programu na njia za mkato hazitafanya kazi mpaka herufi irudishwe.

USIANZE KWA KUGOMBA

Mama akipaza sauti, kijana atasema, "Mimi sijagusa kitu." Hapo umepoteza habari muhimu kuliko zote. Fundi akijua kwamba herufi zilibadilishwa jana jioni, ameshafika nusu ya kazi. Asipojua, atapapasa gizani. Mwite mwanao kwa upole, mwambie unataka kujua alichofanya ili kompyuta ipone, na uandike maneno yake kwenye karatasi: alitumia programu gani, herufi ipi iligeuzwa kuwa ipi. Maonyo yatangoja mpaka kazi iishe.

Usikubali pia fundi apige Windows upya kabla hajanakili vitu vyako. Fundi mwenye haraka hupenda njia hiyo kwa kuwa ni rahisi kwake, lakini akifuta diski, hesabu za kikundi na picha za marehemu bibi zinakwenda nayo. Herufi haikufuta kitu. Kinachofuta ni haraka yetu.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, zima kompyuta na uchomoe flashi na diski zote za nje, kisha uwashe tena. Wakati mwingine kompyuta hutaka kuanzia kwenye flashi iliyosahauliwa. Kama diski ilinakiliwa kwenda diski mpya, fundi aitoe ile ya zamani na kuwasha kwa mpya peke yake.

Pili, sikiliza. Diski ikigonga au kukwaruza, zima mara moja. Huo si ugonjwa wa herufi bali diski inakufa, na kila dakika ya kuiwasha inaongeza hasara.

Tatu, vitu vinakiliwe. Fundi anaweza kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, au kuwasha kompyuta yako kwa flashi yenye mfumo mwingine kama Ubuntu, kisha kunakili. Kompyuta ikidai ufunguo wa tarakimu 48, maana yake diski imefungwa kwa usalama. Ufunguo huo kwa kawaida hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Nne, ndipo matengenezo yaanze. Fundi atahitaji flashi ya Windows, yenye nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi, na umeme wa uhakika au betri iliyojaa. Mwonyeshe aya ifuatayo.

Washa kwa flashi, chagua kutengeneza wala si kusakinisha, kisha fungua dirisha jeusi la amri. Angalia kwanza Windows ya mgonjwa imo katika herufi ipi, maana humo herufi huweza kuwa tofauti na zile za kawaida. Fungua regedit, pakia faili liitwalo SYSTEM lililo katika Windows\System32\config, na utafute ukurasa wa MountedDevices. Humo ndimo Windows inakoandika kumbukumbu ya herufi zake. Hifadhi nakala ya ukurasa huo. Kisha rudisha jina la C kwa sehemu yenye Windows, au futa maandishi yote ya ukurasa huo isipokuwa lile la kwanza lisilo na kitu. Windows ikiwashwa tena itagawa herufi upya, na mara nyingi hujipa C. Pakua faili ulilopakia kabla ya kuzima.

KABLA YA KUUGUA

Mama, fungua kompyuta yako leo ingali nzima. Andika katika daftari la nyumbani: C ina nini, D ina nini, neno la siri linatunzwa wapi. Nakili hesabu za kikundi kwenye flashi mbili. Moja ibaki kwako, ya pili ikae kwa mweka hazina, nyumba nyingine kabisa, maana mwizi au moto huchukua kompyuta pamoja na flashi iliyo kando yake. Na daftari la karatasi usilitupe. Fedha za wanachama ni amana, na anayetunza amana hategemei mlango mmoja.

Kijana wako naye umfundishe kanuni hii moja: kabla ya kugeuza chochote katika kompyuta ya nyumbani, aulize kwanza, kisha anakili. Akiizoea kanuni hiyo nyumbani, itamfaa hata atakapoajiriwa.

Tukutane mwezi ujao.