Nani Alipuliza Tarumbeta?

Mwezi uliopita nilitoka Isikizya, nikaenda Tabora mjini kununua nyimbo. Mjini bado kuna vijana wenye kompyuta chakavu wanaokujazia flashi kwa bei ya soda. Nikamwambia mmoja wao: nataka bendi za jazz za zamani, hasa za huku kwetu, zile zenye tarumbeta. Akabofya mara mbili tatu, akanirudishia flashi. "Hizo hapo, kaka. Zilipendwa kibao."

Nilizipeleka kwa guku. Guku wangu ni mdogo wake babu mzaa baba, na miaka ya sabini alikuwa mpuliza tarumbeta. Siku hizi meno ya mbele hana, na mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele ni sawa na dereva asiye na usukani. Nilimwamkia, nikaweka spika ndogo juu ya kigoda, nikaziacha nyimbo zijipige zenyewe. Ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akaimba kidogo. Ya saba, akanyamaza. Mwimbaji alipomaliza kulalamika kuhusu mapenzi yake, magitaa yakapandana, tumba ikachangamka, tarumbeta mbili zikaingia. Guku akanyoosha kidole hewani.

"Ya pili hiyo. Ile ya chini. Hapo ni mimi."

Nikauliza umejuaje. Akasema: "Sikiliza, nitakata pumzi kabla ya mwenzangu. Nilikuwa na mafua siku ile." Kweli, baada ya sekunde chache tarumbeta ya chini ikakatika, ya juu ikamalizia peke yake.

Nikatazama simu. Jina la wimbo: Wimbo 07. Albamu: Zilipendwa Mix. Msanii: Hajulikani.

Huyo asiyejulikana alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa uji.

Sasa naomba tugombane kidogo, msomaji. Nina hakika wewe, kama mimi, unajua jambo moja au mawili kuhusu jazz ya Marekani. Ni alama ya usomi siku hizi: ukiwa na vitabu viwili vya falsafa na kikombe cha kahawa, lazima uwe pia na albamu moja ya Miles Davis. Basi chukua simu yako uulize kuhusu *Kind of Blue*. Utaambiwa ilirekodiwa New York kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, mwaka 1959. Utaambiwa aliyepiga dramu ni Jimmy Cobb na aliyepiga besi ni Paul Chambers. Utaambiwa hata kwamba piano ilipigwa na Bill Evans isipokuwa katika wimbo mmoja tu, "Freddie Freeloader", ambao alikaa Wynton Kelly. Kijana wa Isikizya mwenye bando la shilingi mia tano anaweza kujua nani alibadilishana kiti na nani huko New York kabla baba yake hajazaliwa. Lakini hawezi kujua ni nani aliyepuliza tarumbeta katika wimbo uliopigwa na watu wa mkoa wake, ambao baadhi yao bado wanatibiwa presha katika zahanati ileile anayotibiwa yeye.

Hilo si jambo la bahati mbaya. Ni matokeo ya uvivu wetu, nami nimo.

Najua utetezi wa kwanza: bendi zetu hazikuwa na albamu. Ni kweli, na ukweli huo una sababu zake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka sahani ilikwenda Nairobi, na iliyokosa nauli au wakala ilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulibaki kwenye kanda ya redio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia ya kwenda kwenye sahani ikazidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe, aliyerekodi sana Nairobi, ana santuri ambazo mtu anaweza kuzishika mkononi, huku bendi nyingi za wakati wake zikiwa hewani tu.

Na hata sahani zenyewe zilikuwa ndogo, za nyimbo mbili, moja kila upande. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mwimbaji anasimulia kisa, upande wa pili muziki unachemka. Kumbuka mgawanyo huo, maana ndani yake mna dhuluma. Redio ikiwa na haraka hupiga upande wa kwanza. Mpanga muziki wa harusi naye hukata wimbo mara tu mwimbaji anapofunga mdomo. Wapulizaji wengi kazi yao kubwa iko upande wa pili. Tumewalea vijana wa miaka hamsini kwa nusu ya kwanza ya kila wimbo, kisha tunashangaa kwamba hawawajui wapulizaji.

Kwa hiyo hatukuwa na albamu. Sawa. Lakini kukosa albamu si kukosa kazi. Ukipima muziki wetu kwa kipimo cha sahani kubwa yenye picha ya msanii ameinamisha kichwa kwenye moshi, utasema hakuna kitu. Ukipima kwa kipimo chetu, yaani siku moja ya kurekodi redioni, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, nyimbo kadhaa zikirekodiwa moja baada ya nyingine na guku mwenye mafua kwenye tarumbeta ya pili, albamu zipo tele. Kinachokosekana ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, sisi tukadhani wanazungumzia duka.

Utetezi wa pili ni wa kizalendo: Wazungu wametuibia. Nyimbo zetu zimetolewa upya Ulaya na Marekani na wazee wetu hawajaona senti. Sitaki kulipuuza dai hili. Palipo na haki ya mtu idaiwe. Lakini tazama wageni hao walifanya nini kabla ya kuuza. John Storm Roberts alikusanya nyimbo za dansi akatoa *The Tanzania Sound* kupitia kampuni yake ya Original Music. Werner Graebner alipotoa juzuu ya *Zanzibara* kuhusu muziki wa dansi wa miaka ya sitini, aliambatanisha kijitabu chenye maelezo. Mgeni alikuja na kalamu. Mwenyeji alikuwa na nini? Haiwezekani tukawa na nguvu ya kulalamika kila mwaka tukakosa nguvu ya kuuliza majina mara moja. Tena madai yenyewe yanahitaji majina hayohayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haimtambui mtunzi peke yake. Inamtambua pia mtendaji, aliyepiga na aliyeimba. Mpe mwanasheria mzuri kuliko wote faili iliyoandikwa "Msanii: Hajulikani", uone atamdai nani kwa niaba ya nani.

Utetezi wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu umevaa kanzu ya hekima. Wanasema: sisi si watu wa ubinafsi, bendi ilikuwa ya wote, majina ya mmoja mmoja ni mambo ya Magharibi. Ndugu yangu, umewahi kwenda msibani? Mtangazaji anasoma wajukuu, vitukuu, wakwe, na binamu aliyeko Mpanda ambaye hakupata nauli. Jamii isiyojali jina la mtu haisomi orodha ya namna hiyo juani. Na kwenye dansi lenyewe, sikiliza vizuri: katikati ya chemko waimbaji huwaita wapigaji kwa majina, mpiga solo akaitwa, mpiga tumba akaitwa. Wenyewe walitajana. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliofuta.

Nazungumza nikiwa mahali ambapo baragumu lilitangulia tarumbeta. Misafara iliyopita Unyanyembe katika karne ya 19 iliongozwa na kirangozi, na pembe ndiyo iliyowatoa wapagazi mahemani na kuwaingiza mjini. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, nasi tunawajua wafanyabiashara waliozimiliki, wazungu walioandika safari, hadi tembe la Kwihara walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Majina ya wapagazi wengi hatunayo. Kwa wale tunaweza kusema hakukuwa na wa kuandika. Kwa wapuliza tarumbeta wa miaka ya sabini tutasema nini, wakati kila mmoja wetu amesoma shule na ana kinasa sauti mfukoni?

Tabora ilitoa muziki, si asali na tumbaku peke yake. Kiko Kids walikuwa wa hapa. Tabora Jazz walikuwa wa hapa, na "Dada Asha" ya Shem Karenga bado inainua watu vitini. Nyanyembe Jazz walikuwa wa hapa. Hata Western Jazz, waliotamba Dar es Salaam, walibeba upande wetu katika jina lao. Muulize kijana yeyote mwenye digrii akutajie mtu mmoja aliyewahi kupuliza chombo katika bendi yoyote kati ya hizo. Atakutajia mwimbaji, akijitahidi sana mpiga gitaa la solo. Ukifika kwenye tarumbeta na mdomo wa bata, kimya.

Linganisha na Hugh Masekela. Alikuwa mwanafunzi Johannesburg wakati padri mmoja, Trevor Huddleston, alipomtafutia tarumbeta; baadaye Louis Armstrong akawatumia vijana wale tarumbeta yake kutoka Marekani. Mwaka 1968 Masekela akashika namba moja Marekani kwa "Grazing in the Grass". Albamu zake zimeorodheshwa zote. Na padri yule? Tangu mwaka 1960 hadi 1968 alikuwa askofu wa Masasi, hapa hapa kwetu. Aliyefungua njia ya tarumbeta maarufu kuliko zote barani alikuwa anatembea kwenye vumbi letu, na wakati huohuo vijana wetu nao walikuwa wanapuliza, katika bendi za shule, za polisi, za jeshi, na katika NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Pumzi hatukupungukiwa. Tulipungukiwa waandishi.

Na sasa neno lenyewe: zilipendwa. Nimeanza kulichukia. Lisome polepole kama mwalimu wa sarufi. Wakati uliopita. Kauli ya kutendwa. Mtendaji hatajwi. Zilipendwa na nani? Zikaacha kupendwa lini? Neno moja limebeba makosa yetu yote: limezika nyimbo zikiwa hai na limemficha mtu. Hakuna duka duniani linalompanga Armstrong kwenye kapu la "waliopendwa". Wanaandika jina lake, mwaka, mji, na waliokuwa naye chumbani. Sisi tunazimwaga nyimbo mia mbili katika kapu moja, bendi ya Tanga juu ya bendi ya Kigoma, 1965 juu ya 1985, na tunaita huko ni kuenzi.

Siombi jumba la makumbusho wala kamati. Naomba kitu ambacho hakina kisingizio. Mtafute mzee mmoja aliyepiga. Mpigie wimbo mmoja, wote, hadi upande wa pili uishe. Kisha uliza na uandike: bendi gani, ulirekodiwa wapi, mwaka gani, nani aliimba, nani solo, nani rithim, nani besi, tumba, dramu, mdomo wa bata, tarumbeta ya kwanza, tarumbeta ya pili. Asipokumbuka, acha nafasi wazi, usijaze kwa kubahatisha. Mzee wa pili atajaza. Kisha fungua faili kwenye simu yako ufute lile neno Hajulikani. Inachukua dakika arobaini. Nimepima.

Nilifanya hivyo jioni ileile kwa Wimbo 07. Guku alinitajia majina sita, la saba likamgomea. Ni la yule mwenzake wa tarumbeta ya juu, aliyemalizia peke yake siku ya mafua. Alijigonga paji la uso, akaomba nirudie wimbo, nikaurudia mara tatu. Anaikumbuka kofia yake, anamkumbuka mkewe, anakumbuka kwamba alikuwa anamdai shilingi kumi. Jina halikuja.

"Ungekuja mwaka juzi," akaniambia.

Mwaka juzi nilikuwepo hapa hapa Isikizya. Nilikuwa nimeweka spika za masikioni, namsikiliza Miles Davis.