YATIMA ASIYE NA CHETI, JE, SI YATIMA?



Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Madhumuni yake ni kuwa mtoto wa fukara asifungiwe mlango wa chuo kwa ufukara wa mzee wake. Madhumuni hayo twayasifu. Tunayoipinga ni mizani inayopimia ufukara, kwani mizani hiyo ni karatasi, na karatasi ndicho kitu anachokikosa fukara kabla ya vyote.

Tazameni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja mpaka mwaka 2012. Katika mkoa ule ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania, mwaka 1983, na maradhi hayo yaliacha watoto wengi mikononi mwa mabibi zao. Wengi waliokufa walizikwa migombani, karibu na nyumba zao, majirani wakihudhuria. Lakini mauti mengi ya shamba hayakuandikwa katika daftari lolote la Serikali.

Leo kijana wa huko afaulu kidato cha sita, aomba mkopo. Atakiwa cheti cha kuzaliwa, na ikiwa ni yatima, atakiwa cheti cha kifo cha mzazi, vyote vithibitishwe na RITA, ndio Wakala wa usajili. Mlango wa maombi hufunguliwa kwa muda mchache. Kijana wa Murongo, ambako ng'ambo ya mto Kagera ni Uganda, atafute nauli, ada na shahidi wa msiba wa zamani, na huku bibi yake angoja kahawa inunuliwe. Fomu ile ile hutiwa saini na kiongozi wa kijiji. Basi saini hiyo yatosha kumjulisha kijana, haitoshi kuujulisha msiba wake?

Watasema kuwa pakilegezwa, waongo watajiita mayatima. Twajibu: mwongo mwenye fedha hupata karatasi mapema kuliko yatima. Sisi wenye maduka hukopesha unga na mafuta kila siku, na hatujapata kumwuliza mjane cheti cha kifo cha mumewe, twawauliza majirani. Na sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu twajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu ni ya deni. Yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Haikuamrisha ufukara uandikwe.

Na tazameni upande wa kudai. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato yakapanda kutoka asilimia 8 hata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yakawakuta na wale waliokwisha kukopa zamani. Ilikuwapo pia tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Muuza duka akibadili masharti ya deni lililokwisha andikwa, sokoni huitwa dhalimu.

Labda mwanachama atauliza: Karagwe yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu sana. Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, katika Katiba ya mwaka 1977. Tunayo Bodi yetu wenyewe, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2011, lakini karatasi twazijua. Nani kati yetu hajapata kusimama barazani kwa sheha akingoja saini, hali sheha amjua yeye na babu yake? Dhulma ya kalamu ni moja, Kyerwa na Konde.

Basi twataka mambo mawili. Kwanza, ushahidi wa wazee wawili wa kijiji mbele ya hakimu ukubaliwe mahali pa cheti cha kifo. Pili, deni lilipwe kwa masharti yaliyotiwa saini siku ya kukopa.

Kaburi la mzazi lipo migombani, na kijiji kizima chalijua. Serikali isiyoliona na iende ikaonyeshwe.