Kiasi Kilicho Kidogo

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa kwenye matatu. Kampuni niliyowahi kukopa kwayo, deni nililokwisha kulipa, ilinijulisha kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo yake na kuchukua taarifa za wateja. Ikanishauri nibadilishe nenosiri, kisha ikamalizia kwa kusema kwamba inathamini usalama wangu.

Nenosiri nililibadilisha kabla sijashuka. Lakini namba ya kitambulisho nitaibadilishaje? Na tarehe ya kuzaliwa? Na namba ya simu ya mama, niliyoijaza kwenye fomu kwa sababu bila hiyo mkopo haukutoka? Wiki mbili baadaye mama alipigiwa simu na mtu aliyenitaja kwa majina yangu yote matatu, akidai nimelazwa na hela zinahitajika haraka. Siwezi kuthibitisha kwamba tapeli huyo alitupata kupitia kampuni ile. Nani angeweza?

Nikaenda kuisoma sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaka kampuni iliyoibiwa taarifa zinazoweza kuwadhuru watu imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye faini. Kamishna anaweza kuitoza kampuni hadi shilingi milioni 5, au hadi asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kilicho kidogo! Piga hesabu. Duka linaloingiza shilingi milioni 2 kwa mwaka linaweza kutozwa hadi shilingi 20,000, yaani shilingi moja kwa kila mia. Kampuni inayoingiza bilioni 100 haiwezi kutozwa zaidi ya milioni 5, yaani nusu senti kwa kila mia. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisemi ilionewa. Nasema kampuni yenye siri za mamilioni ya Wakenya ingetozwa, kwa kosa lolote, shilingi 450,000 tu zaidi ya shule hiyo.

Ulaya waliandika kinyume chake. Kwa makosa mazito, sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaruhusu faini ya hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote, kiasi kilicho kikubwa.

Wapo watakaosema kampuni nayo imeibiwa, kwa nini tuiadhibu? Kwa sababu wizi mwingine hukuta mlango wazi. Equifax ya Marekani ilipopoteza taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017, wadukuzi walipitia udhaifu ambao dawa yake ilikuwa imeshatolewa kabla. Haikuwekwa. Miaka miwili baadaye kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575.

Wengine watasema faini kubwa zitafukuza wawekezaji. Mbona kampuni za kigeni zinafanya biashara Ulaya? Mkurugenzi yeyote anajua kulinganisha bei: mishahara ya wataalamu wa usalama kwa mwaka mzima upande huu, milioni 5 upande ule. Sheria yetu imemfanyia hesabu, na jibu limetoka kwamba uzembe ni nafuu.

Ni kweli kwamba aliyedhurika ana haki ya kudai fidia. Lakini mzigo wa kulalamika na kuonyesha alivyodhurika ni wake, na mama yangu hana faili lolote. Ana namba ya tapeli iliyozimwa.

Kwa hiyo ninachodai kwa Bunge si sheria mpya, wala tume, wala semina Naivasha. Nadai neno moja libadilishwe: penye kidogo, waandike kikubwa. Kisha nitaamini usalama wangu unathaminiwa, kwa sababu utakuwa na thamani.