Sheria Inayokimbizana na Molekuli

Mkulima wa Kashebere, pale Masisi inapopakana na Walikale, akikutwa na bangi shambani hana la kubisha: jani linajulikana. Wenye bunduki nao wanalijua. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kueleza jinsi makundi yenye silaha ya Kivu Kaskazini yanavyochuma fedha kwenye zao hilo. Biashara ya vilevi vya maabara tunayoichunguza katika toleo hili, lakini, haina jani.

Malighafi yake ni CBD, kemikali inayotolewa kwenye bangi ya viwandani, ile isiyolewesha. CBD na THC, kemikali ya bangi inayolewesha, zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Zimetofautiana mpangilio tu. CBD ikitiwa asidi, pete ya molekuli hujifunga na kuzaa THC za aina kadhaa, zikiwemo delta-8 na delta-9. THC nayo ikiongezwa atomi mbili za haidrojeni, kwa msaada wa metali kama paladiamu, huwa HHC, kitu ambacho mkemia Mmarekani Roger Adams alikitengeneza tangu miaka ya 1940.

Hapo ndipo sheria ilipopigwa chenga. Marekani mwaka 2018 iliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa delta-9 THC peke yake. Wafanyabiashara wakauza delta-8. Ufaransa ilipiga marufuku HHC na wenzake wawili Juni 2023. Mwaka uliofuata ikalazimika kurefusha orodha. Umoja wa Mataifa uliidhibiti HHC Machi 2025, karibu miaka mitatu tangu ionekane sokoni Ulaya.

Msimamo wetu ni kwamba sheria isitaje majina tu. Idhibiti familia nzima ya kemikali hizi pamoja na kazi ya kuzigeuza, na ipime mabaki ya asidi na metali yanayomfikia mtumiaji. Wapo watakaosema marufuku pana itaua utafiti wa dawa. Jibu ni leseni: Rwanda iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, kwa hiyo swali la nani anageuza nini, na kwa kibali gani, limekwisha kufika mpakani kwetu.

Kongo ikitaka kulijibu, ianze na maabara ya umma hapa mashariki. Hakuna polisi wala hakimu awezaye kutofautisha delta-8 na delta-9 kwa kunusa, na kesi isiyo na kipimo huamuliwa kwa hongo.