Mshahara wa Kwanza na Saini ya Kwanza

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kijana niliyemfundisha kwa miaka mitatu. Ulianza kwa shikamoo na kumalizika kwa swali. Baada ya kusubiri ajira kwa miaka minne, hatimaye alikuwa ameitwa kazini, na barua ilimtaka aripoti ndani ya siku 14 katika halmashauri moja ya pembezoni. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili apate nauli.

Aliripoti, akapokewa vizuri, akapewa meza. Kuhusu posho ya kujikimu aliambiwa asubiri fungu. Taarifa zake ziliingizwa katika mfumo wa mishahara wakati mwezi umekwisha kufungwa, hivyo akaambiwa asubiri tena. Kwa wiki tisa aliitumikia Serikali bila kulipwa hata senti. Chumba alidhaminiwa na mkuu wake wa idara. Unga na dagaa alikopa dukani kwa jina la mkuu huyohuyo. Kisha, siku chache kabla ya mshahara wake wa kwanza, mkuu alimwekea mezani karatasi ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika. “Weka saini hapo, mdogo wangu. Hapa sote ni familia.”

“Mwalimu,” aliniuliza, “ungekuwa mimi ungefanyaje?” Hakuniambia kama alisaini, nami sikumwuliza. Jibu lake nilimpa faragha. Hapa nataka kuwajibu waliomfikisha mbele ya karatasi ile.

Tumezoea kuieleza rushwa kama tunda la tamaa. Huanzia huko kwa baadhi ya watu, lakini kwa mwajiriwa mpya mara nyingi huanzia katika shukrani. Mtu aliyekulisha hukuomba jambo dogo, nawe huoni ni kwa uso gani utamkatalia. Wahenga walisema mwenye njaa hana mwiko. Serikali inayomwita kijana kutoka kwao, ikamfikisha ugenini na kumwacha bila posho wala mshahara, inamkabidhi kwa yeyote atakayemlisha kwanza. Baadaye inamletea kanuni za maadili azisome na kiapo akitie saini.

Najua watakaosema: hata sisi tuliteseka, na tukavumilia. Hoja hii haina uzito inaoonekana kuwa nao. Kizazi cha walimu wangu kilimaliza chuo kikapangiwa kazi na Serikali, na hakikuingia ofisini kikiwa na deni la Bodi ya Mikopo. Kijana wa leo huingia na deni hilo. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Tangu hapo ni asilimia 15. Ongeza asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya na, kwa wengi, asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi. Robo ya mshahara imekwenda, na kodi ya mapato haijaguswa. Kwa haki lazima nikiri kwamba kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021 kulileta nafuu. Hata hivyo, nafuu hiyo haimsaidii mtu ambaye mshahara wenyewe haujamfikia.

Yanayotakiwa si mageuzi makubwa. Kwanza, halmashauri isipokee mwajiriwa ambaye fedha yake ya kujikimu haijatengwa. Barua ya kupangiwa kituo na posho viende pamoja. Pili, mwezi ukiwa umefungwa kabla ya jina lake kuingia kwenye mfumo, alipwe karadha na mwajiri, irejeshwe taratibu, badala ya kuachiwa wakopeshaji wa kausha damu. Tatu, Bodi ya Mikopo ianze kukata baada ya mshahara wa tatu. Deni lililosubiri miaka minne ya ukosefu wa ajira haliharibiki kwa kusubiri miezi mitatu. Nne, mafunzo elekezi yatolewe katika wiki ya kwanza, na yamfundishe mtumishi namna ya kukataa kwa maandishi agizo lisilo halali na mahali pa kupeleka nakala. Kumwambia tu “uwe mwadilifu” ni sawa na kumpeleka mtu kisimani bila kamba.

Kwenu wanafunzi wangu mnaosubiri kuitwa: msihesabu siku ya kuripoti kuwa siku ya kupata. Hesabuni miezi mitatu mbele, na waelezeni mapema ndugu watakaoanza kupiga simu wiki ya kwanza. Ikiwa hamna budi kukopa, msikope kwa mtu ambaye kesho atawaletea karatasi za kusaini. Na ikiwa mmekwisha kula kwake, mlipeni deni lake la unga kwa fedha halali. Saini zenu hazikuwa sehemu ya mkopo huo.

Nanyi wakuu wa idara mnaosoma makala hii, wengi wenu ni watu wema mliowahi kumdhamini mgeni chumba kwa nia safi kabisa. Wema huo uendelee. Ila kesho asubuhi mwulizeni ofisa utumishi wenu: aliyeripoti mwezi huu amelipwa posho yake? Kama hajalipwa, andikeni barua ya kuidai kabla hamjampa kazi ya kwanza.