Ua Likilegea Mchana Halijaomba Maji

Dodoma mvua zikishakatika mwezi Mei, hurudi Novemba au Desemba. Hapo katikati kila mwenye bustani ya maua hupata washauri asiowaita, na mengi wanayosema humaliza maji ya watu bure.

Majani yamelegea, wanasema, mwagilia haraka. Saa nane mchana? Subiri. Jua na upepo hunyonya maji ya majani kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifikia, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Jioni mmea husimama wenyewe. Wa kutiliwa shaka ni ule uliolegea hadi alfajiri, na huo nao usiukimbilie na ndoo kabla hujachomeka kidole ardhini, kama sentimita tano hivi. Pakiwa pakavu, mwagilia. Ukikuta tope, mizizi huenda imeoza kwa kukosa hewa, haipandishi tena maji, ndiyo maana mmea unanyauka kama wenye kiu. Ndoo yako itaumaliza.

“Kidogo kidogo kila siku.” Hili ndilo linaloharibu bustani nyingi. Kunyunyiza hulowesha vumbi la juu tu, na kabla ya adhuhuri limeshakauka. Mizizi nayo hubaki juujuu, palepale panapowaka moto. Piga hesabu: lita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita moja. Ndoo ya lita 20 ikiishia hapo kwa mara moja, umenyesha milimita 20, mvua ya haja. Igawe kwa siku saba, hupati hata milimita tatu kwa siku. Maua yaliyokwisha kushika ardhini hutosheka na mara moja au mbili kwa wiki. Udongo wa kichanga utataka zaidi, wa mfinyanzi pungufu. Kila siku ni kwa miche michanga na maua ya barazani, yale ya kwenye ndoo zilizotobolewa, kwa kuwa udongo wake ni mchache.

Ati tone la maji hukusanya jua na kuunguza jani? Watafiti wa Hungaria walilijaribu hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2010: majani laini hayakuungua, hatari ilikuwa kwa majani yenye vinyweleo vinavyolining’iniza tone juu ya jani. Mchana haufai kumwagilia kwa sababu nyingine: maji mengi hupotelea hewani. Alfajiri ni bora. Jioni nayo inafaa, ila usiache majani ya waridi yalale yameloa, utayaalika madoa meusi.

Na bogenvilia isiyochanua, eti iongezewe maji! Ukiinywesha sana itakupa majani matupu. (Hata ile rangi unayoisifia ni majani; ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati.) Iliyoshika mizizi iache ione kiu kidogo, ndipo inapochanua vizuri. Ndoo zake yape mawaridi.